Kisigino Chako na Sakafu ya Babu

"Nyumba imesimama tangu ukoloni, itashindwaje kunibeba mimi?" Ndivyo wageni wanavyojibu mlangoni kila mara. Kikundi kimependeza, vitenge vya sare, kamera tayari, na mwongozaji akiomba michuchumio ivuliwe anaambiwa anakuza mambo. Iwe ni jumba la machifu wa Ukerewe pale Bukindo au nyumba yoyote ya kale yenye ghorofa la mbao ukanda huu wa Ziwa Victoria, maneno ni yale yale. Na ni uongo.

Shika hesabu. Dada wa kilo 60 akivaa raba, uzito wake umetawanyika kwenye unyayo mzima: zaidi ya sentimita mraba 100 kwa kila mguu, yaani chini ya kilo moja kwa sentimita mraba. Akivaa mchuchumio wenye ncha ya sentimita moja kwa moja, kila anapotua kisigino kuna nukta ya sekunde ambapo kilo zote 60 zimekaa kwenye sentimita mraba moja. Tembo wa tani nne hakandamizi ardhi hivyo. Unyayo wake ni mpana, kwake haifiki hata kilo mbili kwa sentimita mraba. Kwa hiyo "mimi mwembamba" si utetezi. Kinachotoboa ni udogo wa ncha. Na kipira cha kisigino kikilika, msumari wa chuma ukachungulia, hapo umebeba patasi mguuni.

Mninga na mvule ni mbao ngumu, hilo nakubali. Lakini kishimo kikitokea, kwanza kinapasua polishi. Wiki ijayo anapita mtu na deki yenye maji mengi, maji yanaingia palipopasuka, mbao inavimba na kunywea, vinyuzi vinainuka. Ukipiga msasa kuondoa vishimo unapunguza unene wa ubao, na ubao wa zamani haupigwi msasa mara nyingi kabla vichwa vya misumari havijatokeza juu.

Kuna na hili la "imesimama miaka yote hii." Imesimama ikiwa imebeba familia iliyotembea pekupeku na wageni wawili watatu barazani. Haikujengwa kubeba watu 15 waliobanana kwenye kona moja ya roshani ili ziwa lionekane nyuma yao. Watu 15 wa kilo 65 ni kilo 975. Unaweka karibu tani nzima kwenye boriti ambazo vichwa vyake vimezama ukutani, na kichwa cha boriti ndipo panapooza kwanza: mvua inashuka kupitia bati lililotoboka, inanywewa na ukuta, na mbao iliyomo ndani haipati hewa ikauke. Katikati ya boriti unaona mbao safi kabisa, inang'aa. Mwisho wake umeshakuwa unga.

Kabla ya kupanda, chungulia chini ya roshani. Vijia vya udongo ukutani ni mchwa. Unga laini kama wa muhogo, ukiwa na vitundu vidogo juu yake, ni bungua, mdudu anayetoboa mbao. Doa jeusi pale boriti inapoingia ukutani ni maji. Chomeka ncha ya ufunguo, ikizama bila ubishi, roshani hiyo haipandwi na mtu hata mmoja. Ukiwa juu, tazama sakafu: misumari imepangwa mistari, na chini ya kila mstari kuna boriti. Tembea juu ya mistari hiyo, si katikati yake, na picha zipigwe kwa makundi ya watu watatu, karibu na ukuta wa ndani. Usiegemee ukingo. Ukingo wa roshani ya kale ni wa kutazama tu.

Basi mtu avae nini? Hakuna aliyesema uje kama unakwenda shamba. Vaa mshono wako, kilemba juu, lakini chini iwe soli bapa ya mpira. Kung'uta mchanga kwenye mkeka kabla ya kuingia, maana chembe za mchanga chini ya soli ni msasa. Soksi tupu hazifai kwenye sakafu iliyopigwa polishi, utateleza ngazini. Dera refu lishikwe pindo wakati wa kupanda na kushuka. Michuchumio ibebe kwenye mfuko, uivae uani kwenye jiwe au saruji. Picha zako zitatoka vizuri na ubao utapona.

Uongo mwingine unaosikika kwenye mitoko hii ni mwepesi kuujibu.

"Majengo yote ya Mjerumani yanalindwa na serikali." Hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Mjerumani aliweka kituo Mwanza miaka ya 1890, kwa hiyo nyumba yake inahitaji kutangazwa rasmi kuwa ya kulindwa. Isipotangazwa, usishangae siku ukirudi ukakuta fremu za maduka.

"Chini ya msingi kuna dhahabu ya Mjerumani." Jamani. Sarafu za dhahabu za rupia 15 zilipigwa kweli, mwaka 1916, lakini zilipigwa Tabora. Huku Mwanza, Waingereza waliuchukua mji Julai mwaka huo huo. Kinachopatikana kwa kuchimba pembeni ya msingi ni shimo; mvua inalijaza, udongo unalainika, ukuta unapata ufa wa kona. Ukiona ufa wa mshazari unaoanzia dirishani kushuka chini, angalia kwanza kama kuna mtu aliyechimba.

"Bujora ilikuwa ikulu ya mtemi." Bujora, pale Kisesa kwenye barabara ya kutoka Mwanza kwenda Musoma, ni makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement. Lile banda la kifalme limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, ndiyo maana watu wanachanganya. Ngoma zilizomo ni za kweli, na hazipapaswi. Jasho la kiganja linaharibu ngozi. Kama unataka kupiga ngoma, uliza wenyeji, zipo za kuchezea.

"Ukerewe tunakwenda asubuhi, jioni tupo Mwanza." Meli za kawaida mpaka Nansio, bandari ya kisiwa cha Ukerewe, zinachukua takribani saa tatu, na ratiba hubadilika. Ondoa muda wa kusubiri bandarini na usafiri wa kufika Bukindo, inabaki saa moja ya kukimbizana, na watu wanaokimbia ndio wanaokataa kuvua viatu. Lala Nansio usiku mmoja.

La mwisho, kwa wanaomalizia mtoko kwa picha ya miguu majini: "hapa maji ni masafi, unaona hadi chini." Kichocho hakionekani. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majani ya pembeni, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Piga picha ukiwa juu ya mwamba, mkavu. Mwamba wenyewe ukiwa umelowa, kaa kitako.