Kusuluhisha ugomvi kazini: tunayoyaamini na ukweli wake

Nafundisha masupavaiza na viongozi wa zamu namna ya kusuluhisha bifu za kazini, na kila darasa naulizwa yale yale, ngoja niyamalize hapa.

Kubwa kuliko yote ni hii ya kwamba msuluhishi anasikiliza pande zote halafu anasema nani kakosea. Hapana jamani, huyo ni mwamuzi. Hata CMA, ile tume ya migogoro ya kazi hapa Tanzania, jina lake ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, vitu viwili tofauti, kwenye usuluhishi hakuna wa kukulazimisha kitu, mnapewa siku 30 mjaribu kuelewana kwanza.

Tatizo la bosi ni kwamba mdomo unamwasha. Kuna zoezi huwa nawapa, mmoja anakuwa dada wa kaunta, mwingine kaka wa stoo, wamenuniana wiki mbili kisa funguo. Supavaiza wa kwanza dakika tatu nyingi, kashahukumu: "Funguo zikae kwangu." Wote wawili, sawa bosi. Wa pili akauliza tu "hebu nielezee siku ile ilianzaje", akanyamaza, kile kimya cha kukera mpaka unatamani mtu akohoe, mwisho dada akasema shida yake wala sio funguo, ni kuitwa "we binti" mbele ya wateja. Kaka akabaki mdomo wazi, eti mbona hukuniambia! Sasa hapo funguo zingekaa kwa bosi mwaka mzima, zingetibu nini?

Kingine, "mimi mtu mzima, kupatanisha najua tangu nyumbani". Nyumbani tunajua sana kumwambia mdogo aombe msamaha yaishe. Kazini mdogo anaomba msamaha, kesho yake anaomba uhamisho. Kurudia maneno ya mtu bila kuyageuza, kukutana na kila mmoja peke yake kabla ya kuwakalisha pamoja, hivyo ni vya kujifunza na kurudia rudia, semina ya siku moja yenye chai na sambusa haitoshi.

Halafu kuna hii ya hatari, eti tukishakuwa na wasuluhishi wetu kila kitu kiishie ndani. Mtu kashikwashikwa na bosi wake unamkalisha naye meza moja "waelewane"? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu unyanyasaji kuwa ubaguzi, hilo ni la kuchunguzwa na kuchukuliwa hatua, sio la kupatanishwa. Na aliyeachishwa kazi ana siku 30 kupeleka mgogoro CMA, asikalishwe vikao vya kirafiki mpaka siku ziishe halafu aanze kuomba kibali cha kuchelewa.

Eti usuluhishi unapoteza muda wa kazi? Wiki mbili za kutumiana ujumbe kupitia mlinzi hizo hamzihesabu?

Mwisho usiri. Mameneja wengi wanadhani kwa vile wamelipia mafunzo basi wana haki ya kujua kila kilichosemwa chumbani. Wao wapewe yale wagombanao waliyokubaliana tu, tena kama wenyewe wameridhia, na hilo lisemwe kabla watu hawajafungua mdomo. Ndo maana hata mimi nimewapa kisa cha funguo, cha mazoezini. Vya kweli ninavyo vingi, ila sivisemi.