Pampu isiyopimwa si lazima iwe mbovu

Tangu Uyombo, Kilifi, itajwe kuwa mahali pa kinu cha nyuklia, barazani hapa Mombasa husikika hoja ile ile: pampu ya dharura (ya kupoza kinu mambo yakiharibika) ikipitwa na tarehe ya kupimwa ni mbovu, kinu kizimwe papo hapo. Sivyo.

Marekani, muda wa kupima kwa kawaida una nyongeza ya asilimia 25. Ikigunduliwa kwamba hata huo umepita, kanuni hutoa saa 24 za kufanya jaribio kabla ya kifaa kuhesabiwa kibovu, au kipindi kizima cha kati ya jaribio na jaribio kikiwa kirefu zaidi. Kuvuka saa 24 hudai tathmini ya hatari. Majaribio mengi huthibitisha kifaa ni kizima, na kuzima kinu nako kuna hatari zake (hili husahaulika sana). Jaribio likifeli, ruhusa hiyo ya kusubiri hukoma mara moja.