Cheti kimoja cha malipo, robo nne za mwaka

Ukikaa na watu wanaosimamia miradi mingi kwa pamoja hapa Dodoma, malalamiko hayaishi: programu za kusimamia miradi ni nzito, leseni ni ghali, ripoti haziendani na za makao makuu. Mimi kazi yangu ni kuratibu miradi ya maji na ya madarasa yenye wafadhili wa nchi tofauti, na nikiitwa kuangalia mfumo unaosumbua, siulizi kwanza ni programu gani. Naomba nionyeshwe cheti kimoja tu cha malipo, yaani hati inayoidhinisha mkandarasi alipwe kwa kazi aliyoifanya, tangu kilipoidhinishwa hadi kinavyosomeka kwenye ripoti ya kila mfadhili. Hapo ugonjwa hujulikana haraka.

Tuseme cheti cha mkandarasi anayechimba kisima wilayani Chemba kimeidhinishwa 26 Juni 2025. Kwa halmashauri, ambayo mwaka wake wa fedha huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, hiyo ni robo ya nne, tena ni wiki ile ya purukushani za kufunga mwaka. Kwa mfadhili anayetumia fedha za serikali ya Marekani, mwaka ulianza Oktoba, kwa hiyo ni robo ya tatu. Shirika la Ujerumani linalofuata mwaka wa kalenda litakiweka robo ya pili. Waingereza walioanza mwaka wao Aprili wataona ni robo ya kwanza. Cheti ni kilekile, sahihi ni zilezile, na hakuna hata mmoja aliyekosea.

Sasa, programu nyingi za namna hii hukuuliza mwaka wa fedha unaanza mwezi gani mara moja tu, siku ya kuzisimika. Anayejibu swali hilo huwa ni mtu wa TEHAMA wa makao makuu, na hujibu kwa mwaka wa makao makuu. Sisi wa huku tunabaki kuzikata na kuziunga upya ripoti kwenye Excel kila robo, kisha tunaambiwa takwimu za Dodoma haziaminiki.

Ukitazama kwa makini, hata hivyo, miaka yote hiyo minne inaanza Januari, Aprili, Julai au Oktoba. Maana yake mafungu ya miezi mitatu ni yaleyale, yanayotofautiana ni majina. Kwa hiyo ndani ya kumbukumbu usiandike robo kabisa. Andika tarehe ya tukio, kisha tengeneza jedwali dogo la miezi 12 kwenda chini na ile miaka minne ya fedha kwenda pembeni, ripoti yenyewe ichukue jina la robo kutoka humo. Nikikuta mfumo una safu ya robo inayojazwa kwa mkono, hiyo ndiyo ninayoifuta kwanza. (Mwenye miradi Ethiopia asitegemee mwezi pekee: mwaka wa fedha wa serikali kule huanza 8 Julai, kwa hiyo lazima awe na tarehe kamili.)

Kanuni hiyohiyo, ya kuhifadhi jambo kama lilivyotokea na kuiachia ripoti kazi ya kulitafsiri, ndiyo ninayoitumia kwenye fedha. Tangu kanuni za Machi 2025 zilipokataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, isipokuwa maeneo machache yaliyoruhusiwa, mikataba ya wakandarasi wetu ni ya shilingi. Makao makuu wanataka dola. Programu inafanya nini? Inabadilisha, na mara nyingi inabadilisha kwa kiwango kimoja ilichowekewa, hata kwa malipo ya miezi sita iliyopita. Mwaka 2024 dola ilivuka shilingi 2,700, kisha Desemba ikashuka hadi karibu 2,400. Chukua kazi ya shilingi 216,000,000. Kwa kiwango cha 2,700 ni dola 80,000. Kwa 2,400 ni dola 90,000. Saiti hakujaongezwa hata mfuko wa saruji, lakini kwenye skrini ya bosi wa mbali mradi umegeuka mwekundu kwa dola 10,000, na mhandisi anaandikiwa barua ya kujieleza.

Dawa yake ni safu tatu badala ya moja: kiasi kwa fedha ya mkataba, aina ya fedha, na tarehe ya kiwango kilichotumika. Benki Kuu ya Tanzania hutoa viwango rasmi, kwa hiyo tarehe ikiwepo, hesabu inaweza kurudiwa na yeyote. Dola iwe matokeo ya hesabu, isiandikwe kamwe juu ya shilingi. Na mkielewana hivyo, mwambieni pia mwenzenu wa Berlin akague faili lake la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu) kabla ya kulituma. Kwake 1.500 ni elfu moja na mia tano. Kompyuta ya hapa itasoma moja na nusu.

Saa nazo zina vituko vyake. Tanzania hatusogezi saa, wenzetu wanasogeza, na Marekani na Ulaya hazisogezi kwa siku ileile. Kikao kilichopangwa kufuata saa 8 mchana ya London kitatukuta saa 10 jioni wakati wa kiangazi chao, na saa 11 jioni baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Hilo linavumilika. Tarehe za mwisho ndizo zinazouma: kazi iliyowekewa 30 Juni saa 5:59 usiku kwa saa za Washington, hapa Dodoma ni saa 12:59 asubuhi ya 1 Julai. Mfumo unamwonyesha mhasibu wetu mwaka mpya wa fedha. Mimi huweka tarehe bila saa. Programu ikilazimisha saa, naweka saa 6 mchana ya Dodoma, kwa sababu muda huo ni tarehe ileile kuanzia California hadi Tokyo. Dodoma usiitafute kwenye orodha ya saa za Windows, chagua Nairobi.

Kalenda ya kazi watu huisahau. Microsoft Project, programu ya kupanga ratiba za miradi, huja na wiki ya Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, saa moja ya chakula ikiwa katikati, bila sikukuu hata moja. Haijui Nane Nane, haijui kwamba Idd hutegemea kuandama kwa mwezi. Haijui mvua pia. Huku kwetu msimu ni mmoja, kuanzia karibu Desemba hadi Aprili, na gari lenye mtambo wa kuchimba visima likizama kwenye udongo wa Bahi, hakuna asilimia ya maendeleo itakayolitoa. Tengeneza kalenda ya pili kwa kazi za saiti pekee, miezi hiyo ipunguzie siku, na uiambatanishe na kazi za uchimbaji na usafirishaji tu. Usanifu na manunuzi viendelee na kalenda ya ofisi. Ratiba itaonekana ndefu na mtu wa mbali atanung'unika. Mwache anung'unike Septemba, kuliko kuomba nyongeza ya muda Machi.

Wa saiti ndio wasio na leseni. "Kaka, huku Kwa Mtoro mtandao unasuasua, nakutumia picha ya jedwali WhatsApp," na picha hiyo mtu ataikopi kwa jicho. Kuwanunulia wote leseni za dola sioni sababu. Fomu za KoboToolbox, programu ya kukusanya takwimu, hujazwa kwenye simu bila mtandao na kutumwa ukipatikana. Majina ya safu yafanane tu na ya mfumo mkuu. Majina na namba za simu za wanakijiji yasivuke mpaka pamoja na ripoti, kwa kuwa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Kuiunganisha programu ya kigeni na NeST (mfumo wa serikali wa manunuzi) au MUSE (mfumo wa serikali wa malipo) usikuahidi mtu. Weka safu moja ya namba ya zabuni kama ilivyo kwenye NeST, na usuluhishi wa hesabu wa mwisho wa mwezi utafanyika kwa namba hiyo.

Wanaotumia Project Online, ile Microsoft Project ya mtandaoni, wana haraka zaidi, maana Microsoft imetangaza kuizima 30 Septemba 2026. Kabla hamjabishana mnahamia wapi, toeni nje kalenda, jedwali la miezi na viwango vya fedha vyenye tarehe zake, na mviweke kwenye faili ambalo halitegemei programu yoyote.