Fluo ni ya mchana

"Papa, iko fluo hii, bufuku (usiku) itawaka yenyewe." Hivyo ndivyo alivyonijibu kijana aliyekuwa analinda shimo barabarani, nilipomuuliza kama kibao chake cha rangi ya machungwa kitaonekana jua likizama. Jibu hilo nimelisikia kwa wauza jileti, kwa mafundi wa mtaro, hata kwa injinia mmoja aliyetundika diploma ukutani. Sasa inatosha.

Kwa ufupi: rangi ya fluo humeza miale ya urujuanimno ambayo macho yetu hayaioni, pamoja na sehemu ya mwanga wa buluu, kisha huitoa upya ikiwa mwanga unaoonekana. Ndiyo maana mchana kibao hicho kinakuwa kama kimewekwa taa ndani, hasa alfajiri na mawingu yakitanda. Usiku miale ya jua haipo, na taa za gari hutoa urujuanimno kwa uchache mno. Kibao kinabaki ubao tu.

Ni neno lenyewe linaloniudhi zaidi, kwa sababu sisi watu wa Lubumbashi, mji wa kuyeyusha shaba, tulistahili kulielewa kabla ya wengine: limezaliwa kwenye tanuru. Kwa Kilatini, fluere ni kutiririka. Wayeyusha madini wa Ulaya walikuwa wakichanganya jiwe fulani na mawe ya madini ili yayeyuke upesi, na takataka zitiririke zikijitenga na metali. Georgius Agricola, aliyeandika habari za migodi ya Ujerumani, alilitaja mwaka 1530. Jiwe likapewa jina la kazi yake, leo tunasema fluoriti. Anayetaka kujua takataka za tanuru zinafananaje zikishapoa autazame mlima mweusi ulio kando ya bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines (sisemi kwamba walitumia jiwe hilo, nasema kazi ni ileile).

Mpaka hapo hakuna kung'aa kokote. Mwaka 1852 ndipo George Gabriel Stokes, mwalimu wa Cambridge, alipotafuta jina la ule mwanga unaotoka kwenye vitu vikipigwa na miale isiyoonekana. Fluoriti ilikuwa mojawapo ya vitu hivyo, akaazima jina lake: fluoresensi, ambayo sisi tumeikata ikawa "fluo". Kwa hiyo ukilifukua "fluo" hadi mzizi hukuti taa wala usiku, unakuta uji wa moto unaotiririka. Hata fluori ya dawa ya meno ni ya ukoo huohuo, na sijaona mtu akitabasamu gizani akamulika chumba.

Kitu kinachofanya kazi usiku kina jina, tena tunalo mdomoni kila siku: katafoti. Ni lile jicho jekundu nyuma ya baiskeli ya muuza makala (mkaa). Kioo cha kawaida ukikimulika kwa pembeni, mwanga unaenda zake upande wa pili. Katafoti inaurudisha kulekule ulikotoka, na utepe wa vibao hufanya hivyo kwa chembe za kioo ndogo kama unga, au kwa vipembe vidogo vya plastiki vilivyopangwa mamia kwa mamia. Paka wana kitu cha namna hiyo nyuma ya jicho; Percy Shaw wa Halifax, Uingereza, alipochukua hataza ya vioo vyake vya katikati ya barabara mwaka 1934, jina lilikuwa tayari: macho ya paka.

Tazama jileti ya shantie, ya wajenzi. Ile machungwa inayokuvutia sokoni ndiyo fluo. Mistari ya kijivu, iliyokaa kama majivu na ambayo mnunuzi haiulizi, ndiyo katafoti. Nimeona mtu akichagua jileti isiyo na kijivu kwa sababu "inawaka zaidi". Iliwaka kweli, saa sita mchana.

Katafoti nayo ina masharti yake. Haina mwanga wa kwake, inarudisha ulioletwa; pikipiki isiyo na taa haitarudishiwa kitu, na kwa dereva huyo afadhali taa ndogo ya kumetameta juu ya kibao. Kibao cha kubebeka kikisukumwa na upepo kikageuka pembeni, au kikalala chali, mwanga unaorudi unapungua sana. Vumbi letu jekundu la kiangazi likikipaka, zile chembe za kioo zimefunikwa blanketi. Halafu kuna jambo ambalo watu hawalifikirii: mwanga unarudi kwenye taa, siyo machoni. Shofa wa teksi amekaa karibu na taa zake, anapata fungu kubwa. Dereva wa lori la shaba linaloshuka mpakani Kasumbalesa ameketi juu kabisa, mbali na taa zake, anapata kidogo, naye ndiye anayehitaji mita nyingi zaidi za kusimama.

Wengine hudhani kibao "kinaweka akiba" ya jua na kuitoa usiku. Hiyo ni fosforesensi, ile ya namba za saa zinazong'aa gizani, jambo jingine. Tusiiingize hapa.

Kupima ni rahisi, hakuhitaji mashine. Subiri giza, simama hatua kumi kutoka kwenye kibao, washa tochi ya simu na uiweke shavuni kando ya jicho. Kisha inyooshe mbali kwa mkono, bado ukimulika kibao. Kikiwaka ya kwanza kikafifia ya pili, ni katafoti. Kikiwa hafifu mara zote mbili, umeuziwa mchana peke yake.

Yule kijana nilimwonyesha jambo hilo palepale jioni ilipoingia, akacheka. Basi mwanangu, papa mwingine akikuuliza, usimwambie itawaka yenyewe. Mwambie: "Fluo ni ya mchana, papa. Ya bufuku ni katafoti, na nimeipanguza vumbi sasa hivi."