Wauguzi wa kutosha ni wangapi?

Kaunti ikitangaza kwamba imeajiri wauguzi, swali la kwanza barazani huwa "wangapi?" Si swali baya, ila jibu lake halikuelezi kinachotokea wodini saa nane za usiku. Utoshelevu wa wauguzi hupimwa kwa zamu: wagonjwa walio vitandani saa hiyo, uzito wa hali zao, na wauguzi waliopo kweli.

Wodi haifungwi. Zamu tatu kwa siku ni zamu 21 kwa wiki, na muuguzi wa saa 40 kwa wiki hufanya zamu tano za saa nane. Ili awepo mtu mmoja tu wodini wakati wote wanahitajika wanne na ushei. Ukihesabu likizo, ugonjwa na mafunzo, unakaribia watano. Basi wodi yenye wauguzi 12 kwenye orodha ina wawili tu kwa kila zamu. Ukiambiwa ina wagonjwa 30, usigawe 30 kwa 12. Gawa kwa mbili: kila muuguzi ana wagonjwa 15.

Hapa Amu, kisiwani Lamu, kuna jingine. Mgonjwa akipewa rufaa ya Malindi au Mombasa, huvushwa kwa boti hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, kisha hupakiwa kwenye ambulensi. Akiwa mahututi, muuguzi humsindikiza. Aliyebaki wodini sasa ana wagonjwa 29 peke yake, na kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani bado mnasomeka majina mawili. Mpango wowote wa wauguzi wa visiwani usiohesabu safari hizi ni wa makaratasi.

Wagonjwa nao hawalingani. Anayesubiri kuruhusiwa asubuhi hahitaji mengi. Mama mwenye kifafa cha mimba aliyewekewa dawa ya magnesiamu hupimwa presha tena na tena, huhesabiwa pumzi, hugongwa goti kuona kama linaruka, na hupimwa mkojo, kwa sababu dawa ikizidi inaweza kumzuia kupumua. Huyo mmoja anatosha kumshughulisha muuguzi.

Kwa hiyo wakubwa wa afya hawajakubaliana juu ya namba moja. Sheria ya California, iliyoanza kutumika 2004, inaweka kikomo: chumba cha wagonjwa mahututi, wagonjwa wawili kwa muuguzi, wodi za kawaida, watano tangu 2005. Uingereza, mwongozo wa 2014 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya afya, ulikataa uwiano mmoja kwa wodi zote, ingawa ulionya kuwa muuguzi akizidisha wagonjwa wanane mchana, hatari huongezeka. Shirika la Afya Duniani lina mbinu iitwayo WISN, inayopima muda ambao kila kazi huchukua kisha kugawa idadi ya wauguzi waliopo kwa ya wanaohitajika. Jawabu likiwa chini ya 1, kuna upungufu.

Tofauti hizo si mchezo wa takwimu. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake uliotoka 2002, kuhusu wagonjwa wa upasuaji huko Pennsylvania, ulikuta kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa kufa ndani ya siku 30.

Mimi naona kikomo cha kisheria kina faida, maana kinampa mkuu wa wodi pa kusimamia akisema "hapana". Lakini ushahidi ulio wazi zaidi wa upungufu ni kazi zilizoachwa. Fungua chati: presha ya saa sita usiku imeandikwa, au pako wazi? Dawa ya maumivu ilichelewa zaidi ya nusu saa? Mwongozo wa NICE huzihesabu dalili hizo kuwa alama za hatari.

Na usimhesabu mwanafunzi wa uuguzi kama muuguzi kamili. Wala usidanganywe na wodi tulivu: mara nyingi ni dada wa mgonjwa, aliyetandika mkeka chini ya kitanda, ndiye anayemgeuza, anayemlisha na anayekwenda kumwita muuguzi dripu inapokwisha.