Rudolf Hess: amani isiyo na saini, kifungo cha saini nne

Akitajwa Rudolf Hess, naibu wa Hitler katika chama cha Nazi, wengi hukimbilia kuuliza kama alikuwa na akili timamu. Mimi naona swali hilo linaficha mengi. Ukiichambua safari yake ya tarehe 10 Mei 1941, aliporuka kwenda Uskochi kutafuta amani na Uingereza, kazi ya urubani aliiandaa kwa makini. Kilichooza ni diplomasia.

Messerschmitt Bf 110 ilikuwa ndege ya kivita ya injini mbili, yenye nafasi ya rubani na wenzake. Hess aliirusha peke yake kutoka Augsburg saa 11:45 jioni. Mafuta ya kawaida yasingemfikisha Uskochi, kwa hiyo chini ya mabawa yalifungwa matangi mawili ya ziada, kila moja la lita 900. Alifika juu ya Bahari ya Kaskazini mapema mno, kweupe bado, ikambidi aende na kurudi angani akisubiri giza. Kisha akavuka pwani ya Northumberland akiruka chini chini, akapitiliza hadi bahari ya magharibi, akageuza. Alikuwa akitafuta Dungavel House, nyumba ya Duke wa Hamilton, mkabaila wa Uskochi, na mafuta yalikuwa yakikata.

Parachuti hakuwahi kuirukia maishani. Kila alipojaribu kutoka, upepo ulimbana kitini, mpaka alipofanikiwa mnamo saa 5:06 usiku. Akaumia kifundo cha mguu na kutua katika shamba moja karibu na Eaglesham, kama kilomita 20 tu kutoka Dungavel. Kwa mtu aliyeruka zaidi ya saa tano bila msaidizi, hiyo ni shabaha nzuri mno.

Mkulima David McLean ndiye aliyemkuta. Hess akajiita Kapteni Alfred Horn, akadai ana ujumbe wa Duke. Hapo ndipo mpango ulipovunjika, maana mwenye kupelekewa ujumbe hakuwa na uwezo wowote wa kuamua. Hess aliamini Hamilton anaongoza njia ya kumfikia Mfalme na wakubwa waliochoka na vita. Msingi wa imani hiyo ulikuwa urafiki wa kabla ya vita kati ya Hamilton na Albrecht Haushofer, Mjerumani aliyekuwa mshauri wa Hess, ambaye Septemba 1940 alimwandikia barua kupitia Lisbon. Barua hiyo ilinaswa na wakaguzi wa Uingereza. Hamilton mwenyewe alikuwa ofisa wa jeshi la anga, kamanda wa kituo cha Turnhouse, yaani mlinzi wa anga ileile aliyoingia Hess! Alimsikiliza asubuhi, kisha akaenda kumweleza Waziri Mkuu Churchill.

Masharti ambayo Hess alimpa mwanadiplomasia wa Uingereza Ivone Kirkpatrick yalikuwa haya: Ujerumani iachiwe Ulaya, Uingereza ibaki na himaya yake, ila makoloni ya zamani ya Ujerumani yarudishwe. Kwetu hapa maana yake ni Tanganyika, pamoja na Ruanda-Urundi iliyokuwa chini ya Ubelgiji. Tena alisema Ujerumani haiwezi kuzungumza na serikali ya Churchill. Ujumbe huo uliishia kwa Churchill huyohuyo, na Hess alikuwa amekiri kwamba Hitler hakumtuma. Isitoshe, usiku aliotua, mabomu ya Ujerumani yaliteketeza ukumbi wa Bunge la Makabwela jijini London. Tarehe 12 Mei redio ya Ujerumani ikatangaza kwamba amerukwa na akili.

Alizungushwa kutoka Mnara wa London hadi Mytchett Place, kisha Maindiff Court huko Wales, mpaka Oktoba 1945 alipopelekwa Nuremberg, Ujerumani, kushtakiwa pamoja na wakubwa wengine wa Nazi. Mahakama ilimtia hatiani kwa kula njama na kwa makosa dhidi ya amani, ikamwondolea makosa ya kivita na yale dhidi ya ubinadamu. Alipewa kifungo cha maisha. Jaji wa Kisovieti alitaka anyongwe.

Gereza la Spandau, Berlin, lilipokea wafungwa saba Julai 1947. Hess alikuwa namba 7. Ulinzi ulibadilishwa kila mwezi: Waingereza Januari, Wafaransa Februari, Wasovieti Machi, Wamarekani Aprili, halafu duru inaanza upya. Kumwachia kulihitaji ridhaa ya wote wanne. Baada ya wafungwa wenzake Speer na von Schirach kutoka mwaka 1966, jengo zima lilibaki na mfungwa mmoja. Nchi tatu za Magharibi zilikuwa tayari aende zake, Moscow ilikataa. Haikusahau kwamba safari ile ilitangulia uvamizi wa Juni 1941 kwa wiki sita tu, na Spandau iliwapa Wasovieti mguu ndani ya Berlin Magharibi.

Tarehe 17 Agosti 1987, zamu ya Wamarekani, Hess alikutwa amejinyonga akiwa na miaka 93. Gereza likabomolewa ili lisigeuzwe mahali pa hija ya wafuasi wa Nazi. Wako waliodai mfungwa wa Spandau alikuwa mtu mwingine aliyefanana naye. Damu aliyotolewa gerezani mwaka 1982 ilikuwa imehifadhiwa, na vinasaba vyake vilipolinganishwa na vya ndugu wa ukoo wa kiume, matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha kwamba ni Hess.