Benzi 190E 2.3-16: kabla hujang'oa injeksheni, pima presha kwanza

Wakuu, wiki iliyopita nimekabidhi gari iliyokaa gereji kwangu miezi kumi na moja, na kwa kuwa kila anayepita hapa Tabata anauliza ile Benzi ndogo yenye spoila nyuma ni gari gani, acha niandike mara moja tuyamalize.

Ni 190E 2.3-16. Sio AMG (wale wa kutengeneza Benzi za kasi), ingawa ililetwa na nembo ya AMG imebandikwa kwa gundi (nimeitoa). Silinda hedi yake ni kazi ya Cosworth, watengeneza injini wa Uingereza, valvu 16, nguvu farasi 185 kwa ile isiyo na katalisti (kichujio cha moshi kwenye ekzosi). Ukitaka kujua kama ni yenyewe achana na spoila, spoila mtu yeyote anafunga, we soma namba ya chesisi, ianze na WDB201034. Na siti ya nyuma imekatwa ya watu wawili tu.

Mwenye gari ni mzee mmoja wa Upanga, aliinunua Uingereza ndo maana usukani uko kulia. Siku ya kwanza namwambia shikamoo mzee, akaitika marahaba afu hapohapo akaanza: "Mwanangu, hii gari asubuhi inawaka kuliko yako. Ila nikienda nayo Kariakoo, nikaizima dakika ishirini, hainijui tena, haiwaki."

Huo ugonjwa mafundi wengi wana jibu moja tu, injeksheni, yaani mfumo wa kunyunyiza petroli kwenye injini, imekufa. Fundi aliyekuwa nayo kabla yangu alishamwambia wang'oe mfumo wote wafunge kabureta ya Haisi. Hapo mi ndo huwa napandisha mori. Mwaka 1983 Benzi walipeleka gari zenye injini ya aina hii kule Nardò, uwanja wa majaribio ya magari Italia, zikakimbizwa kilomita 50,000 kwa wastani wa karibu kilomita 248 kwa saa, usiku na mchana. Afu wewe uniambie imeshindwa foleni ya Ubungo? Ila tuwe wakweli, kule hakuna aliyeizima akaiacha nusu saa kwenye jua la Kariakoo, na tatizo lenyewe liko hapohapo kwenye kuzima.

Mfumo wake unaitwa KE-Jetronic. Kwenye gari za sasa nozeli (kinachonyunyiza petroli) inafunguliwa na umeme, hii hapana, hapa petroli inasukumwa muda wote injini inapozunguka na nozeli inajifungua yenyewe presha ikifika kama bar 3 na nusu (bar ni kipimo cha presha). Anayepima kiasi cha mafuta ni sahani moja ya duara kwenye njia ya hewa, hewa ikiingia inaisukuma, sahani inasukuma mkono, mkono unanyanyua pini ndani ya kile chuma chenye mabomba manne ya kwenda kwenye nozeli. Umeme upo ila unarekebisha tu juu kwa juu.

Sasa ukizima injini ya moto, feni imesimama, maji hayazunguki, joto chini ya boneti linapanda badala ya kushuka. Petroli isiyo na presha hapo inachemka ndani ya bomba inageuka mvuke, na gari haiwaki. Wajerumani walilijua hilo, ndo maana wakaweka kopo moja dogo la chuma, akyumuleta, ndani lina spring na diaframu, kazi yake kushikilia presha pampu ikishalala. Liko chini ya gari, huku nyuma karibu na pampu na filta, limefunikwa na plastiki iliyojaa tope, na kwa kuwa halionekani hakuna anayeliuliza.

Nikafunga geji. Injini inazunguka, bar 5.4, safi kabisa. Nikazima, nikaangalia mshale unashuka kama lifti, dakika nne uko sifuri. Ilitakiwa hata baada ya nusu saa ibaki bar 2 na nusu hivi. Presha kushuka kunaweza kutoka pia kwenye valvu ya pampu au kwenye regyuleta ya presha, kwa hiyo sikuagiza kitu, nililala chini nikachomoa kale kampira kembamba nyuma ya kopo. Hapo pakiwa pakavu, kopo ni zima. Petroli ikanitiririka mkononi mpaka kwapani. Diaframu imechanika, basi, ugonjwa wote ndo huo, kopo la kushika mkono mmoja.

Kilichonichosha sio kopo, ni yule aliyepita na spana ya aleni ya milimita 3 kwenye skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli. Ile skrubu robo ya mzunguko ni nyingi mno, yeye sijui alizungusha mara ngapi, gari ilikuwa inatoa moshi mweusi kama lori la mchanga. Siku tatu za kugusa kidogo, kupima moshi, kusubiri, kugusa tena.

Bodi nisiwachoshe. Ila ukipata gari hii toa kwanza zile plastiki za ubavuni, usiangalie rangi. Zinashika tope na chumvi ya huku pwani, nje inang'aa ndani unapitisha kidole. Na rangi za kiwandani za 2.3-16 zilikuwa mbili tu, bluu ya kukaribia nyeusi na ile ya fedha yenye moshi, hii yetu mtu alishaipiga nyekundu. Imerudi bluu. Sfia za nitrojeni (vile vibuyu vya gesi) za shoki za nyuma bado, mzee amesema tusubiri Januari.

Ah, na gia. Gia ya kwanza iko kushoto chini, pale ulipozoea kwanza ndo kuna rivasi. Niliwaambia vijana wote wa gereji. Yule wa kuosha magari siku hiyo hakuwepo, akataka kuisogeza mbele kidogo, ndoo yangu mpya ya lita 20 saa hizi ni sahani.